Kabaidi za metali: umbo na eneo la uso vinaamuliwa kabla kaboni haijaingia

Ukitaja kabaidi, wengi akili inaenda moja kwa moja kwenye yale mawe ya kijivu ya fundi wa kuchomelea, yanatiwa maji yanatoa gesi ya asetilini, ama yale ambayo watu wanafukizia maembe na ndizi ziive haraka (kitu ambacho nchi kibao zimepiga marufuku na watu wanaendelea tu). Hiyo ni kabaidi ya kalsiamu na leo siiongelei kabisa. Naongelea ndugu zake wa tabia tofauti, kabaidi ya tangsteni, ya molibdenamu, ya titaniamu, hizi ukizitia maji hazina habari na wewe. Ile ncha ngumu iliyopachikwa kwenye drili ya kutobolea ukuta wa zege, hiyo ndo kabaidi ya tangsteni, ikiwa imeunganishwa na kobalti kidogo.

Ndani yake ni hivi: atomi za metali zimejipanga kwa mpangilio wao, halafu atomi za kaboni ambazo ni ndogo zimejibana kwenye nafasi zilizobaki katikati. Matokeo yake unapata kitu kinachopitisha umeme kama metali, kigumu kama jiwe la kunolea, na hakiyeyuki kirahisi, ya titaniamu inaenda mpaka karibu nyuzi 3,100 za Selsiasi, ya tantali inakaribia 3,900. Kwa mtu wa drili hizo ni sifa nzuri sana. Kwa mtu anayetaka kuipa kabaidi umbo fulani au kuifanya iwe na uso mkubwa, hizo hizo sifa ndo balaa lenyewe, na ndo maana watu wamehangaika nazo miaka na miaka.

Sasa uso mkubwa wa nini? Mwaka 1973 R. B. Levy na Michel Boudart pale Stanford walitoa ripoti fupi kwenye jarida la Science wakasema kabaidi ya tangsteni inafanya mambo ya platinamu. Inaunganisha haidrojeni na oksijeni kuwa maji kwenye joto la kawaida la chumba, inageuza molekuli za haidrokaboni kutoka umbo moja kwenda jingine, vitu ambavyo tangsteni tupu haifanyi hata kidogo. Yaani unaingiza kaboni kwenye metali ya kawaida tu na inaanza kujifanya metali ya thamani. Platinamu inatumika kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli tunayochoma, iko kwenye seli za kuzalishia haidrojeni, na bei yake kila mtu anaijua, kwahiyo unaweza kufikiria watu walivyochangamka.

Lakini kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha) kinafanya kazi juu ya uso tu. Atomi iliyofichwa katikati ya punje haikutani na gesi yoyote, ipo ipo tu kama mzigo. Kwahiyo kipimo ambacho kila mtu anakiangalia ni mita za mraba za uso kwa kila gramu moja ya unga. Na kuna hesabu ndogo hapa ambayo naona kila msomaji aibebe: chukua 6,000, gawanya kwa densiti ya kitu (gramu kwa sentimita ya ujazo), halafu gawanya tena kwa kipenyo cha punje kwa nanomita. Jibu ni mita za mraba kwa gramu, kama punje ni za mviringo na hazina matundu. Kabaidi ya tangsteni densiti yake ni 15.6, punje zikiwa na nanomita 1,000 unapata mita 0.4 hivi, yaani hamna kitu. Zikiwa nanomita 10 unapata 38. Zikiwa nanomita 4 unafika 96. Kabaidi ya titaniamu yenyewe ni nyepesi, densiti yake 4.9, kwa punje zile zile za nanomita 10 inakupa zaidi ya 120 bila jasho. Maana yake mtu akijisifu kwamba kabaidi yake ya titaniamu ina uso mara tatu ya kabaidi ya tangsteni ya jirani, huenda hajamzidi chochote kwenye udogo wa punje, amechukua tu metali nyepesi. Hii inapita watu kila siku.

Haya, tatizo lenyewe sasa. Njia ya zamani ya kutengeneza kabaidi ni kuchanganya unga wa metali au oksidi yake na kaboni halafu unapiga moto. Henri Moissan kule Ufaransa alifanya hivyo kwenye miaka ya 1890 kwa tanuru lake la umeme, na bado viwanda vinavyotengeneza unga wa vifaa vya kukatia chuma vinaenda kwa wazo hilo hilo, tangsteni na kaboni, nyuzi 1,400 na kuendelea. Kwanini moto wote huo? Kwa sababu kitu kigumu na kitu kigumu vinagusana kwenye vidoti tu, kaboni inabidi isafiri yenyewe kupenya ndani ya metali atomi kwa atomi, na safari hiyo ni ya polepole mpaka uipe joto. Shida ni kwamba joto linaloifanya kaboni itembee linaifanya na metali itembee pia, punje zinashikana, zinakuwa moja kubwa, kona zinapotea, matundu yanajifunga. Unamaliza na unga wa uso chini ya mita moja, mbili kwa gramu. Kwa drili safi kabisa, tena wanautaka hivyo. Kwa kichocheo umepoteza hela.

Kwahiyo mchezo mzima, njia zote nitakazozitaja hapa chini, unarudi kwenye jambo moja: usitegemee kabaidi ijipe umbo, maana ikishakuwa kabaidi haisikii la mtu. Umbo unalipa kitu kingine, kilaini, kinachokubali kuumbwa, halafu unakigeuza kuwa kabaidi taratibu bila kukibomoa.

Aliyelionyesha hili vizuri ni Boudart huyo huyo na wanafunzi wake miaka ya 80. Walichofanya ni kuacha kaboni ya unga wakaja na gesi. Unachukua oksidi ya molibdenamu, ambayo kiasili fuwele zake ni vibapa, unaiweka kwenye mrija wa kwatzi, unapitisha mchanganyiko wa methani na haidrojeni (methani kama sehemu moja ya tano hivi), unapandisha joto pole pole sana, kama nyuzi moja kwa dakika. Gesi inaingia kila mahali, haisubiri kugusana kwa vidoti, kwahiyo kazi inaisha kwenye nyuzi 700 hivi badala ya 1,400. Kwa njia hiyo walipata kabaidi ya molibdenamu ya mita kati ya 50 na 100 kwa gramu, kutoka oksidi ambayo yenyewe ilianza na uso mdogo sana.

Umeona hapo? Uso umeongezeka. Joto limepanda na uso umeongezeka, kinyume na kila kitu nilichosema kwenye aya zilizopita. Hapa ndo pananoga.

Angalia mkaa. Gogo likishakuwa mkaa bado unaona pete za mti, unaona nyuzi, umbo la tawi liko pale pale, ila gogo lote limekuwa jepesi na lina vitundu kibao kwa sababu vilivyokuwemo vimetoka na mwili wa nje haukuporomoka. Vibapa vya oksidi ya molibdenamu vinafanya hivyo hivyo. Oksijeni inatoka, kaboni kidogo inaingia, na kitu kipya ni kizito zaidi kwa ujazo kuliko cha zamani. Hesabu yake siyo ngumu: sentimita moja ya ujazo ya oksidi (densiti 4.7 hivi) inatoa kabaidi ambayo ikibanwa vizuri ingechukua sentimita 0.36 tu. Kama kibapa kimebaki na ukubwa wake wa nje, basi karibu theluthi mbili ya ndani yake ni nafasi tupu, na nafasi hiyo imegawanyika kuwa matundu madogo madogo ya nanomita kadhaa. Uso wote huo umetoka hapo. Hujaongeza chochote, umetoa tu na ukazuia jengo lisianguke.

Kuna na ujanja mwingine, wa L. Volpe na Boudart wa mwaka 1985. Badala ya kwenda kwa methani moja kwa moja wakapitia kwanza amonia, oksidi ikawa nitraidi ya molibdenamu (metali na naitrojeni badala ya kaboni), uso ukapanda mpaka zaidi ya mita 200 kwa gramu, na vibapa viko vile vile kwa darubini. Halafu nitraidi ndo ikapewa methani na haidrojeni, naitrojeni ikatoka kaboni ikakaa kwenye kiti chake, na uso ukabaki karibu na 200. Kwanini mzunguko huo unalipa? Kwa sababu nitraidi na ile kabaidi inayotoka zina mpangilio unaofanana wa atomi za metali, kwahiyo metali hazihitaji kuhama, ni wapangaji tu wanabadilishana chumba. Ukienda moja kwa moja na methani mpangilio unalazimika kubadilika aina, na kila atomi ikihama jengo linatetereka. Halafu angalia, kabaidi unazopata mwishoni siyo aina moja, fuwele zake ni tofauti, njia uliyopita imeamua siyo uso tu bali na aina ya kabaidi yenyewe.

Mambo mawili yanawaangusha wanaojaribu hii. La kwanza ni haraka ya kupandisha joto. La pili ni maji, na watu wanalisahau: kila gramu moja ya oksidi ya molibdenamu ikigeuka inatoa karibu gramu 0.38 ya maji kama mvuke, na mvuke kwenye joto hilo unasaidia punje kushikana kuliko hata joto peke yake. Ndo maana wanapitisha gesi kwa kasi kubwa na kutumia unga kidogo, ili mvuke ufagiliwe kabla haujakaa. Na ndo maana mtu anapata mita 150 kwa nusu gramu kwenye maabara, halafu akiweka kilo moja kwenye tanuru kubwa anapata 30, anaanza kulaumu malighafi. Kitanda cha unga kikiwa kinene mvuke wa chini unapita juu, tabaka za juu zinaharibika. Hii naona ndo sababu kubwa iliyozifanya kabaidi hizi zichelewe kutoka maabara kwenda kiwandani, siyo sayansi ngumu, ni gesi na mvuke na ukubwa wa tanuru.

Strasbourg, Ufaransa, wao waliligeuza swali. Marc Ledoux na Cuong Pham-Huu wakasema, kama tatizo ni metali kubeba umbo, acha kaboni ibebe. Unachukua mkaa ulioamshwa, ule wa kuchujia maji, uso wake ni kama mita 1,000 kwa gramu, halafu unaupitishia mvuke wa oksidi. Oksidi ya silikoni inafanya hivyo kwenye nyuzi 1,200 na zaidi, oksidi ya molibdenamu nayo ikipata joto la kutosha inageuka mvuke kirahisi. Mvuke unakula kaboni pale ilipo na kuacha kabaidi mahali pake, umbo la mkaa linabaki, ukiwa na chembe za mkaa unapata chembe, ukiwa na kitambaa cha nyuzi za kaboni unapata kitambaa cha kabaidi. Uso unapungua sana njiani, usitegemee elfu ibaki elfu, lakini umbo unalichagua wewe dukani kabla hujawasha moto. Kwa silikoni ndo walifika mbali zaidi.

Mwaka 1995 kundi la Charles Lieber pale Harvard likafanya kitu hicho hicho kwa mirija ya nano ya kaboni, ambayo ilikuwa imejulikana miaka michache tu kabla. Wakaipa mvuke wa titaniamu au niobi pamoja na iodini, mirija ikageuka vijiti imara vya kabaidi, unene nanomita 2 mpaka 30 na urefu unaofika maikromita 20. Huwezi kuchonga kijiti kama hicho kwa kifaa chochote duniani, ila mrija wa kaboni tayari una umbo hilo, wewe unabadilisha nyama tu.

Kuna njia nyingine nitazipitia haraka. Taasisi ya Max Planck kule Potsdam, Ujerumani, Cristina Giordano na Markus Antonietti walitumia urea, ndiyo hii hii mbolea: kloridi ya metali kwenye ethanoli, unatia urea, inakuwa jeli kama kioo, unaipasha kwenye naitrojeni mpaka nyuzi 800 hivi, urea inatoa kaboni na naitrojeni zote mbili, ukitia nyingi unapata kabaidi, ukitia kidogo unapata nitraidi. Rahisi na haitaki methani. Wengine wanaotesha nyaya nyembamba za molibdeti (molibdenamu na oksijeni) iliyofungana na amini ya kikaboni (kemikali yenye kaboni na naitrojeni), kaboni tayari imekaa ndani ya waya katikati ya metali, ukichoma bila hewa waya unakuwa kabaidi yenye matundu bila gesi yoyote ya nje. Nyaya zinazotoka ni nzuri kuangalia, shida ni kwamba huwezi kusema kwa uhakika kaboni yote imeingia kwenye kabaidi, nitarudi hapo.

Ila kwa punje ndogo kabisa, iliyonifurahisha mimi ni ile ya MIT ya mwaka 2014, Sean Hunt na Yuriy Román-Leshkov. Wao walitaka kabaidi ya tangsteni ya nanomita 1 mpaka 4, punje moja moja bila kushikana, na kila mtu anajua ukizipasha zitashikana tu. Wakazivalisha. Kila kipunje cha oksidi ya tangsteni kikapewa ganda la silika, kitu kile kile cha mchanga, halafu ndo wakaingiza kwenye methani na haidrojeni kwenye nyuzi kama 900. Gesi inapenya ganda, metali haipenyi, punje zinageuka kabaidi kila moja kwenye chumba chake. Baada ya hapo wanaliyeyusha ganda kwa chumvi ya fluoridi kwenye joto la chumba na punje zinabaki safi. Miaka miwili baadae wakatumia wazo hilo kupaka safu ya platinamu yenye unene wa atomi moja mbili juu ya kiini cha kabaidi ya tangsteni, kwahiyo platinamu inakaa nje inakofanya kazi na katikati ni metali ya bei nafuu. Tangsteni yenyewe inachimbwa mpaka huku kwetu, mgodi wa Nyakabingo Rwanda ni miongoni mwa mikubwa Afrika, ingawa madini yanaondoka kama mchanga na thamani ya unga wa nanomita inaongezwa kwingine.

Halafu kuna wale ambao hawajengi, wanachonga. Mwaka 2011 chuo cha Drexel, Philadelphia, Michael Naguib, Yury Gogotsi na Michel Barsoum walikuwa na kitu kinachoitwa Ti3AlC2, ndani yake kuna tabaka za kabaidi ya titaniamu na katikati yake tabaka za aluminiamu, kama kurasa zilizobandikwa. Wakakiloweka kwenye asidi ya haidrofluoriki ya asilimia 50, joto la chumba, masaa mawili, asidi ikala aluminiamu ikaacha kabaidi, na zikabaki karatasi za unene wa atomi chache. Wakaziita MXene na sasa ni familia kubwa. Hapa hukuhitaji kupambana na joto kulinda umbo maana moto ulishapita zamani wakati wa kutengeneza tofali lenyewe. Ila asidi hiyo siyo ya mchezo, inapita kwenye ngozi mara nyingine bila kuuma mwanzoni na inaenda kukamata kalsiamu ya mwili, watu wamekufa nayo. Mwaka 2014 kundi la Drexel likabadilisha na mchanganyiko wa fluoridi ya lithiamu na asidi ya haidrokloriki, asidi ile mbaya inajitengeneza humo humo kidogo kidogo, na kitu kinachotoka ni kama udongo wa mfinyanzi, unaweza kukibingirisha kikawa karatasi. 2023 watu wa Dmitri Talapin Chicago wakaonyesha unaweza hata kuotesha MXene moja kwa moja kutoka kwenye gesi, karatasi zinasimama wima kwenye titaniamu, bila fluoridi kabisa.

Sasa nirudi kwenye ile ya kaboni. Eneo la uso linapimwa kwa naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, unaangalia ni kiasi gani cha gesi kimejilaza juu ya unga, hesabu ni ya Brunauer, Emmett na Teller ya mwaka 1938. Naitrojeni haijui inalala juu ya nini. Methani ikizidi au joto likipita kiasi kaboni ya ziada inajitandika kama masizi juu ya kabaidi, na masizi yana uso mkubwa kinoma, kwahiyo mashine inakuandikia 250 unafurahi kumbe umepima masizi, na kabaidi iko chini yake imezibwa haifanyi kazi yoyote. Ukiona namba kubwa sana kwenye kabaidi nzito kama ya tangsteni, rudi kwenye ile hesabu ya 6,000: mita 250 kwa gramu ni sawa na punje za nanomita 1.5, je picha za darubini zinaonyesha punje za namna hiyo? Kama zinaonyesha punje za nanomita 20, basi hiyo ziada ni matundu au ni masizi, na mwandishi akuambie ni lipi. Wakweli wanapima pia molekuli za kaboni monoksidi zinazonasa, maana hizo zinashika metali na masizi haziyataki.

Na kingine, uso mkubwa siyo dawa ya kila kitu. Mwaka 2012 Heron Vrubel na Xile Hu kule chuo cha EPFL Uswisi walichukua unga wa kabaidi ya molibdenamu ulionunuliwa tu dukani, punje za maikromita, uso kiduchu, wakautia kwenye umeme na ukatoa haidrojeni vizuri tu kwenye asidi na kwenye alkali pia. Hiyo ndo iliyoamsha wimbi zima la watu kutengeneza nyaya na karatasi na mipira ya kabaidi hiyo. Maumbo mengine yaliyofuata yanasaidia kweli, mengine, kusema ukweli, ni ya picha tu.

Hatua ya mwisho haiandikwi kwa mbwembwe lakini ndo inayochoma kazi ya wiki. Kabaidi mpya yenye uso mkubwa ikitoka kwenye mrija na kukutana na hewa ghafla inawaka, kabisa, inang'aa nyekundu na kurudi kuwa oksidi. Kwahiyo ukishapoza mpaka joto la chumba unafungulia gesi ajizi (isiyomenyuka na kitu) iliyochanganywa na oksijeni asilimia 1 tu, unaiacha ipite masaa kadhaa, uso unajivika ngozi nyembamba ya oksidi, ndo unaitoa. Ngozi hiyo inabidi uivue tena kwa haidrojeni ya moto kabla ya kutumia, na ukipitisha joto hapo umerudisha ule ugomvi wa punje kushikana.